Je, lambo lililojengwa kabla ya Uhuru bado ni salama?

SWALI: Ndugu Mhandisi, mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Tuna lambo ambalo wazee wanasema lilijengwa na serikali ya mkoloni katikati ya miaka ya 1950, na tuta lake lina kimo kinachokaribia mita 7. Miaka yote kumekuwa na unyevu chini ya tuta upande wa kijiji, lakini tangu mvua za msimu uliopita maji yanatiririka mfululizo, kidogo kidogo, na majani ya mahali hapo hayakauki. Juu ya tuta kuna mijohoro iliyopandwa zamani, bomba la kupeleka maji kwenye mbauti (birika la kunyweshea mifugo) linavuja, na kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, tumepanga viroba vya mchanga ili lambo lishike maji mengi zaidi. Nikisema likaguliwe, wazee wananijibu kwamba limesimama karibu miaka 70 na halijawahi kumdhuru mtu. Tangu niliposikia habari za mabwawa yaliyokatika Derna nchini Libya sina amani, kwa maana siku hizi bondeni kuna nyumba na shule. Je, bwawa huzeeka? Tutajuaje kama letu limechoka? Na je, tulibomoe?

JIBU: Ndugu Katibu, naanza na lile lisiloweza kusubiri. Viroba vilivyo kwenye utoro viondolewe kabla mvua za Desemba hazijaanza. Mengine yote nitakayoyaeleza yanaweza kujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, kupangiwa ratiba na kuombewa fedha, lakini hilo halina gharama yoyote, nalo ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote uliyoyataja, hata kuliko hayo maji yanayokunyima usingizi.

Sasa niigeukie hoja ya wazee, ambayo haistahili kudharauliwa. Tuta la udongo lililosimama miaka 70 limethibitisha mambo kadhaa ya kweli: kwamba msingi wake haukuwa mbovu kupindukia, kwamba udongo wake ulishindiliwa kwa kiasi fulani, na kwamba limekwisha kuvuka kipindi cha hatari zaidi katika maisha ya bwawa lolote, yaani kujazwa kwa mara ya kwanza na miaka michache inayofuata. Bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lilikuwa na kimo cha mita 93 na lilijengwa na idara ya serikali yenye uzoefu mkubwa wa mabwawa, lakini halikumaliza hata kujaa. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 maji ya matope yalionekana yakitoka kwenye tuta, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa. Kwa hiyo upya wa bwawa si kinga, na uzee peke yake si ugonjwa. Udongo ulioshindiliwa vizuri hauozi, na matuta mengi ya zamani yana nguvu leo kuliko siku yalipokabidhiwa.

Hata hivyo, hoja hiyo ina pengo moja, na kila mwanakijiji anapaswa kulielewa. Kinacholijaribu tuta ni maji, wala si miaka. Kusimama kwake miaka 70 kunathibitisha kwamba linahimili kina kikubwa kabisa ambacho maji yamewahi kufikia katika muda huo, na juu ya alama hiyo halina ushahidi wowote wa kututolea. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni bwawa la Edenville katika jimbo la Michigan, Marekani, lililojengwa katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 2018 mamlaka ya serikali kuu ilifuta leseni yake ya kuzalisha umeme, sababu kubwa ikiwa ni kwamba mmiliki hakuwa ameongeza uwezo wa utoro wa maji licha ya kuagizwa kwa miaka mingi. Tarehe 19 Mei 2020, baada ya mvua kubwa, ziwa lilipanda juu kuliko kiwango chochote kilichowahi kuandikwa, na sehemu ya tuta ikaporomoka ghafla kabla maji hayajaanza kumwagika juu yake. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2022 ulieleza kwamba ndani ya tuta mlikuwa na mchanga usioshindiliwa vizuri, uliolala humo tangu siku ya ujenzi bila kumsumbua mtu, na kina kile kipya cha maji kikaunyang'anya nguvu zake kwa ghafla ukatiririka kama uji. Bwawa la Sanford lililokuwa chini yake likazidiwa na mafuriko hayo nalo likakatika. Karibu miaka 95 ya kusimama haikuwa imesema chochote kuhusu siku ile.

Ndiyo maana ninavihofia viroba vyenu. Mnapovipanga kwenye utoro mnalipeleka tuta kwenye kina ambacho ushahidi wa wazee haukifikii, na wakati huohuo mnaziba mlango ambao msanifu wa miaka ya 1950 aliuacha kwa ajili ya mafuriko. Tuchukue mfano wa utoro wenye upana wa mita 20, ambao msanifu alikusudia maji ya mafuriko yapite ndani yake kwa kina cha mita 1. Kwa kanuni ya kawaida ya mtiririko wa maji juu ya kizingiti, utoro huo hupitisha takriban mita za ujazo 34 kwa sekunde. Wekeni viroba vyenye kimo cha nusu mita, ili maji yabakiwe na nusu mita tu ya kupitia kabla hayajapanda hadi usawa uleule, na uwezo wake unashuka hadi mita za ujazo 12. Watu wengi hudhani kwamba kuziba nusu ya kina ni kupoteza nusu ya uwezo, kumbe kinachobaki ni zaidi kidogo ya theluthi moja tu. Maji yaliyokosa njia yatapanda hadi kilele cha tuta, na tuta la udongo halikujengwa ili maji yapite juu yake: yakianza kumwagika kwenye upande mkavu hukwangua udongo kuanzia chini kwenda juu, na kwa tuta la kimo chenu kazi hiyo inaweza kumalizika katika saa chache.

Nafahamu kwamba viroba havikuwekwa kwa ujinga. Lambo limejaa tope, linashika maji machache kuliko enzi za wazee, na mwezi wa Septemba ng'ombe wanaanza kuhangaika. Lakini fikirini mnachopata. Katika ukanda wa kati jua na upepo huchukua karibu mita 2 za maji kwa mwaka kutoka kwenye uso wa bwawa, kwa hiyo nusu mita mliyoiongeza humalizwa na jua peke yake katika muda wa miezi mitatu hivi. Mmeuza usalama wa shule kwa bei hiyo. Njia bora ni kuchimba tope, kwa masharti mawili. Kwanza, msichimbe karibu na mguu wa tuta upande wa maji, kwa sababu tope la mfinyanzi lililotanda pale kwa miaka mingi limekuwa zulia linalozuia maji yasipenye chini ya tuta, na katapila likiliondoa, uvujaji wenu utaongezeka msimu huohuo. Pili, tope linalochimbwa lisimwagwe juu ya tuta kwa nia ya kulipandisha. Udongo uliomwagwa bila kushindiliwa kwa tabaka nyembamba hauongezi kimo cha kutegemewa; unaongeza uzito tu na kuzificha dalili tunazozihitaji.

Uliuliza kuhusu Derna. Mabwawa mawili ya bonde la Derna, la juu likiitwa Abu Mansour na la chini likiwa mlangoni mwa mji, yalijengwa katika miaka ya 1970. Nyufa zilionekana humo mwishoni mwa miaka ya 1990, mkataba wa ukarabati ukasainiwa mwaka 2007, kazi ikaanza kwa kuchelewa na kusimama kabisa vita vilipozuka mwaka 2011. Mwaka 2022 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar alichapisha onyo kwamba mafuriko makubwa yakitokea, matokeo yake yatakuwa maangamizi kwa wakazi wa bonde na mji. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 kimbunga Daniel kilimwaga zaidi ya milimita 400 za mvua katika saa 24 kwenye mji wa jirani wa Al-Bayda, bwawa la juu likazidiwa na kukatika, na maji yake yakalishukia la chini, ambalo lilikuwa dogo mno kuweza kuyapokea. Maelfu ya watu walikufa. Mwaka 2024 mahakama iliwahukumu maofisa 12 vifungo virefu kwa uzembe wa usimamizi. Ninalotaka ulichukue hapo ni dogo na la kazi: nyufa zilijulikana, fedha zilitengwa, onyo liliandikwa, lakini hapakuwa na mtu mmoja aliyewajibika kuuliza kila mwezi kazi imefikia wapi.

Swali lako la kama bwawa huzeeka linahitaji jibu la sehemu kwa sehemu, kwa sababu viungo vya bwawa havizeeki kwa mwendo mmoja. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilikumbusha kwamba kati ya mabwawa makubwa yapatayo 58,700 duniani, mengi yalijengwa kati ya mwaka 1930 na 1970 kwa matarajio ya kudumu miaka 50 hadi 100. Orodha hiyo huanzia mabwawa yenye kimo cha mita 15, pamoja na mafupi kidogo yenye maji mengi sana. Lambo lenu halimo, na malambo ya namna hiyo hayamo. Watu hupenda kuuliza habari za Kariba, bwawa kubwa la mto Zambezi, na ni kweli kwamba Kariba, lililokamilika mwaka 1959, limepata matatizo ya uzee: maji ya milango yake yalichimba shimo lenye kina cha mita 80 hivi kwenye mwamba ulio mbele ya ukuta, upande wa bondeni, na zege lake limekuwa likivimba polepole kiasi cha kuathiri milango yenyewe. Lakini Kariba lina wahandisi, vipimio ndani ya ukuta, mamlaka ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe, na mradi wa ukarabati wa karibu dola milioni 294. Mimi nina wasiwasi zaidi na lambo la mita 7 lenye mwenyekiti na jembe.

Katika lambo lenu, kiungo kilichozeeka kwa hakika ni bomba. Kama ni la chuma na ni la ujenzi wa kwanza, limekaa katika udongo wenye unyevu kwa karibu miaka 70, na hakuna chuma cha kawaida kinachoweza kuvumilia hayo bila kutoboka. Angalia koki iko wapi. Ikiwa iko upande mkavu, karibu na mbauti, maana yake ni kwamba bomba lote lililo ndani ya tuta limejaa maji yenye shinikizo mchana na usiku, na kila tundu la kutu linapuliza maji katikati ya tuta. Angalia pia maji yanatokea wapi: yakichuruzika kutoka kwenye koki au kwenye kiungo cha bomba huo ni usumbufu tu, lakini yakitokea nje ya bomba, kwenye udongo unaolizunguka, hiyo ni dalili nzito, kwa sababu kando ya bomba ndipo palipo vigumu kushindilia na ndipo maji hupenda kujitafutia njia. Msilichimbue bomba hilo wenyewe. Tiba ya kawaida kwa bomba la namna hii ni kulijaza saruji laini ya maji kwa pampu hadi lizibe kabisa, kisha kupeleka maji kwenye mbauti kwa bomba la plastiki linalopita juu ya kilele kwa njia ya kunyonya. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kukata tuta na kulijenga upya.

Mijohoro ni mgeni mwingine asiyefaa, ingawa najua aliyeipanda alikuwa na nia njema. Mizizi hufuata unyevu ndani ya tuta, na mti ukifa mizizi yake huoza na kuacha mifereji. Mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oka na donge zima la tuta. Miche na vichaka vikatwe sasa. Miti mikubwa isikatwe ovyo na visiki kuachwa vioze, bali ikatwe lambo likiwa limepungua, visiki na mizizi minene vichimbwe, na mashimo yajazwe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo, kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya lingine. Mahali pa miti ni mashambani juu ya lambo, ambako itapunguza tope. Juu ya tuta pandeni ukoka na mlifyeke fupi, ili jicho lione kila ufa na kila shimo. Vichuguu vya mchwa vilivyo kwenye tuta vichimbwe mpaka chini na kujazwa kwa namna hiyohiyo, maana mashimo yake yanaweza kulivuka tuta kutoka upande hadi upande.

Kilele nacho huchakaa. Pale ng'ombe na mikokoteni inapovukia pamekuwa na bonde, na mafuriko huanzia kwenye sehemu ya chini kuliko zote, hata kama sehemu nyingine zote ziko juu. Mchukueni fundi ujenzi mwenye mpira wa maji wanaoutumia kupata usawa wa msingi wa nyumba, mpime kilele chote kila baada ya hatua 10, na mlinganishe na kizingiti cha utoro. Kwa malambo ya udongo wasanifu kwa kawaida huacha mita 1 au zaidi kati ya kizingiti na kilele. Mkikuta mahali pana nusu mita, hapo ndipo pa kupeleka nguvu kazi ya kijiji kwanza. Nyufa zinazokwenda sambamba na tuta huandikwa na kufuatiliwa, lakini nyufa zinazolikata tuta kuelekea bondeni ni za hatari zaidi, na katika udongo mweusi wa mbuga unaopasuka wakati wa kiangazi zichimbwe na kujazwa kabla ya mvua, wala zisifunikwe kwa juujuu.

Nimechelewa kufika kwenye maji yanayotiririka chini ya tuta, nami nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa hayo yanahitaji utulivu. Kila tuta la udongo hupitisha maji. Suala si kama yanapita, bali kama yanabeba udongo wakati yanapita. Maji safi yanayotoka kwa kiasi kilekile mwaka hadi mwaka yanaweza kuachwa chini ya uangalizi. Maji yenye tope yanachimba njia ndani ya tuta, na njia hiyo hukua kutoka upande mkavu kurudi nyuma kuelekea kwenye maji, na ikiyafikia hapatakuwa na muda wa kuitisha mkutano. Maelezo yako yanasema kiasi kimebadilika tangu msimu uliopita. Badiliko hilo ndilo linaloniambia kwamba lambo lenu lichunguzwe na mhandisi mwaka huu, si mwaka ujao.

Wakati mnamsubiri, fanyeni vipimo ambavyo havihitaji mhandisi. Chimbeni mfereji mdogo wa kuyakusanya maji hayo mahali pamoja, nje ya mguu wa tuta na bila kuugusa, muweke kipande cha bomba, na kila Jumatatu mtu mmoja apime ni sekunde ngapi zinahitajika kujaza ndoo ya lita 20. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde. Siku hiyohiyo aandike usawa wa maji lamboni kwenye nguzo yenye alama za sentimita, na mvua ya wiki. Maji yakiongezeka chini kwa sababu lambo limejaa, hilo linaeleweka. Yakiongezeka wakati lambo linapungua au limetulia, toeni taarifa siku hiyo. Jazeni pia chupa nyeupe ya kioo, muiache usiku kucha, na asubuhi muangalie kama kuna udongo uliotuama chini. Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa urahisi wake: chukueni kidonge cha udongo wa tuta chenye ukubwa wa punje ya hindi, mkidondoshe polepole kwenye glasi ya maji safi ya mvua, kisha msiiguse kwa saa nzima. Kidonge kikimeguka na kulala chini, ni kawaida. Kikizungukwa na wingu la ukungu linalosambaa bila kutulia, udongo wenu ni wa aina inayoyeyuka ndani ya maji matulivu, na tuta la udongo huo linaweza kutobolewa hata na mtiririko mdogo. Rudieni kwa udongo wa sehemu tano au sita za tuta, kwani msanifu huenda alichukua udongo kutoka mashimo tofauti.

Kuna jambo moja ninaloomba msilifanye kwa hali yoyote, nalo ni kuziba mahali maji yanapotokea kwa mfinyanzi au saruji. Kila kijiji hushawishika kufanya hivyo, na kila mara huonekana kufanikiwa kwa wiki mbili. Maji yaliyozibiwa hayarudi lamboni. Hubaki ndani ya tuta, hupandisha shinikizo, na hutokea mahali pengine, mara nyingi juu zaidi, ambako madhara ni makubwa. Kinachotakiwa ni kuyaruhusu maji yatoke huku udongo ukizuiwa. Tandikeni kwanza mchanga safi mnene wa mtoni, juu yake kokoto, kisha mawe ya kuongeza uzito. Mchanga unazuia udongo wa tuta, kokoto zinazuia mchanga, na maji yanapita. Mpangilio huo usigeuzwe, kwa sababu mawe yakitangulia udongo utapita katikati yake kana kwamba hakuna kitu. Rundo la mchanga na rundo la kokoto viwekwe karibu na lambo kabla ya msimu wa mvua, kwani siku ya dharura lori halitafika kwa barabara yenu.

Sasa kuhusu mamlaka. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa zilizotungwa kwa sheria hiyo, wajibu wa usalama unamwangukia mmiliki wa bwawa, na malambo ya zamani yana ugonjwa wa kutokuwa na mmiliki anayejitambua: serikali ya mkoloni iliondoka, halmashauri inasema ni la kijiji, kijiji kinasema ni la serikali. Lisuluhisheni hilo kwa maandishi. Barua ipelekwe kwa Bodi ya Maji ya Bonde, moja kati ya tisa zilizopo nchini (mkoa wa Dodoma umegawanyika katika zaidi ya bonde moja, kwa hiyo ulizeni kwanza ninyi mko lipi), na nakala zipelekwe kwa meneja wa wilaya wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), mkurugenzi wa halmashauri na mkuu wa wilaya. Barua inayosema "lambo letu linavuja, tunaomba msaada" itawekwa kwenye faili. Barua yenye vipimo vya ndoo vya wiki nane, picha za mahali pamoja zilizopigwa kwa tarehe tofauti, kimo cha chini kabisa cha kilele, upana wa utoro, na idadi ya kaya na wanafunzi walio bondeni, hiyo itamlazimu mtu kuandika jibu. Ombeni pia usajili, kwa sababu bwawa lisiloandikwa mahali popote halina mkaguzi. Mabwawa ya shamba moja huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, yalibainika hayakuwa na vibali baada ya moja lao kupasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40.

Watu wa Solai walikutwa majumbani usiku, ilhali Edenville na Sanford yalikatika mchana mmoja bila kuua mtu kwa kuwa wakazi wapatao 10,000 walikuwa wamehamishwa. Tofauti hiyo haikutokana na uimara wa matuta. Kwa hiyo, kabla ya Desemba, tembeeni bondeni na wazee hao hao, wawaonyeshe mafuriko makubwa kabisa wanayoyakumbuka yalifika wapi, kisha mpandishe alama juu zaidi ya hapo, kwa sababu maji ya tuta lililokatika huja kwa wingi kuliko mafuriko ya mto. Nyumba zote zilizo chini ya alama ziandikwe. Kubalianeni ishara moja, iwe ngoma au kipaza sauti cha msikiti na cha kanisa, na mtu wa kulala karibu na lambo kila usiku wenye mvua kubwa, akiwa na tochi na simu yenye chaji. Shule ipewe njia yake ya kupanda mlimani, na watoto waipite angalau mara moja. Kagueni pia barabara au reli yoyote inayokatiza bonde. Huko Mai Mahiu nchini Kenya, mwishoni mwa Aprili 2024, taarifa za kwanza zilisema bwawa la zamani limepasuka, lakini Wizara ya Maji ilieleza baadaye kwamba kalvati lililo chini ya tuta la reli liliziba kwa magogo na tope, maji yakajikusanya nyuma yake, na tuta hilo ambalo halikujengwa kuwa bwawa likakatika alfajiri na kuua makumi ya watu.

Mwisho, je, mlibomoe? Kwa niliyoyasoma katika barua yako, hapana. Lambo lenye utoro ulio wazi, bomba lililozibwa, chujio la mchanga na kokoto kwenye mguu wake na kilele kilichosawazishwa linaweza kuwahudumia wajukuu wenu. Mhandisi akikuta kwamba udongo unayeyuka au msingi umetobolewa, huenda akashauri litolewe kazini, na kazi hiyo hufanywa kiangazi, maji yakiwa yameshushwa, kwa mkato mpana ulioinamishwa pande zote ili usibaki ukuta wa kuporomoka. Kwa sababu hiyo, mtu asije akachukua jembe kulikata tuta usiku wa mvua kwa nia ya kupunguza maji. Mfereji wa upana wa hatua moja ukishaanza kupitisha maji kwenye udongo haurudi kuwa mfereji, na atakuwa amelitenda kwa mkono wake lile lililokuwa likiogopwa. Usiku huo kilicho salama ni kufungua koki yote, kupunguza maji kwa mabomba ya kunyonya kama mnayo, kutandika mchanga na kokoto panapotoka tope, na kuwatoa watu bondeni. Na kama viroba vitakuwa bado vipo huku maji yamekwisha kuvifikia, viondolewe tabaka moja moja kuanzia juu, watu wa bondeni wakiwa wamekwisha kuarifiwa, wala visisukumwe vyote kwa pamoja.